Mtihani wa Sheria Usiouliza Sheria

Na Katibu wa Chama, Kidato cha Nne

Wahenga walituachia methali kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii nimeitumia katika insha zangu tangu shule ya msingi, na kila mara nilidhani kuwa ninaielewa. Kumbe nilikuwa ninaikariri tu kama kasuku! Aliyenifunza maana yake kamili ni dada yangu, tena kwa njia ya simu, wakati akijiandaa kufanya mtihani wa kuingia chuo cha sheria huko Marekani. Katika makala haya ningependa kuwaeleza wenzangu mtihani huo ni wa namna gani, watu hujiandaa vipi, na kwa nini nafikiri unatuhusu hata sisi tunaoketi hapa na daftari zetu za ufahamu.

Najua kwamba wengi wetu tunataka kuwa mawakili. Mwalimu akiuliza darasani nani anataka kusomea sheria, mikono huchipuka kama uyoga baada ya mvua. Akiuliza sababu, ataambiwa, "Mwalimu, mimi napenda kubishana." Mimi nami nilikuwa nikisema vivyo hivyo. Katika mijadala ya Ijumaa nilikuwa nikipiga meza hadi vumbi linatoka. Lakini mnamo Februari 2025, katika mtihani wa katikati ya muhula, nilipata alama 6 kwa 15 katika ufahamu. Niliwaambia wenzangu ati ufahamu ni bahati tu, leo unapata, kesho unakosa. Mwezi uo huo, mbali sana na hapa, dada yangu naye alikuwa amepokea matokeo yake, nayo hayakuwa mazuri hata kidogo.

DADA YANGU NA KITABU CHA MITUMBA

Dada yangu anaishi Minnesota. Alimaliza shahada yake ya kwanza huko na sasa anafanya kazi ya zamu ya usiku katika makao ya wazee. Aliniambia kwamba hamu ya sheria ilimwingia pale pale kazini. Wazee wengi humpa barua zao awasomee, za benki, za bima, za hospitali, kisha humuuliza, "Sasa hii inasema nini?" Naye alikuwa akizisoma mara mbili, mara tatu, na bado hana hakika. Akaona afadhali asomee kazi ya watu wanaojua barua zinasema nini.

Hapa ni lazima nieleze jambo moja. Hapa Kenya mwanafunzi akipata alama zinazotakiwa katika KCSE, anaweza kuingia chuo kikuu moja kwa moja na kusomea shahada ya sheria kwa miaka 4, kisha akaelekea Kenya School of Law kupata mafunzo ya uwakili. Marekani si hivyo. Huko mtu humaliza kwanza shahada nyingine, iwe ya kilimo, ya muziki au ya hisabati, ndipo aombe nafasi katika chuo cha sheria, ambako atakaa miaka 3. Vyuo hutazama alama za ile shahada yake ya kwanza pamoja na alama za mtihani maalumu wa kuingilia. Mtihani ulio mashuhuri zaidi huitwa LSAT. Ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1948, na huendeshwa na shirika liitwalo Law School Admission Council, lenye makao yake huko Newtown katika jimbo la Pennsylvania. Siku hizi vyuo kadhaa hukubali mtihani mwingine badala yake, lakini huu wa LSAT ndio watu wengi huufanya.

Wala si Marekani pekee. Uingereza kuna mtihani uitwao LNAT, ambao hutakiwa na baadhi ya vyuo vikuu kwa wanafunzi wanaotoka sekondari. India wana wao uitwao CLAT. Hata majirani zetu wa Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikiwapa waombaji wa sheria mtihani wa kuingilia. Nitaushikilia huu wa Marekani kwa sababu ndio nilioutazama kwa karibu.

Basi dada yangu mwishoni mwa 2024 alinunua kitabu cha mitumba cha kujiandaa. Bei ilikuwa rahisi na kitabu kilikuwa kinene, akafurahi. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilihusu mafumbo ya kupanga. Kwa mfano, wageni 7 wanaketi katika viti 7, wa kwanza hataki kukaa karibu na wa tatu, wa tano sharti awe mbele ya wa pili, na kadhalika. Mtahiniwa alitakiwa achore vijimchoro ili apate jibu. Dada alijifunza michoro hiyo kwa wiki 6, usiku wa manane wazee wakiwa wamelala. Kisha mfanyakazi mwenzake akamwambia, "Kwani hujui? Mafumbo hayo yaliondolewa!" Kweli, tangu Agosti 2024 hayamo tena katika mtihani. Wiki 6 zikaenda na maji.

Sababu ya kuondolewa kwake inafaa kujulikana. Palikuwa na mtu wa Michigan aitwaye Angelo Binno, ambaye ni kipofu na alitaka kuwa wakili. Mafumbo yale yanategemea kuchora na kutazama mchoro. Sasa mtu asiyeona atachora nini? Binno alianza kupeleka malalamiko yake mahakamani mwaka wa 2011, na mwaka wa 2019 yakafikiwa makubaliano kwamba shirika lile litafute njia nyingine ya kupima fikira ndani ya miaka 4. Ndiyo maana mafumbo yakatolewa. Nilipoisikia habari hii niliipenda sana. Mtu alizuiwa mlangoni na mtihani unaopima hoja, naye akajenga hoja juu ya mtihani wenyewe, mwishowe mlango ukabadilishwa.

Ila kwa dada yangu lilikuwa pigo. Alifanya mtihani Februari 2025 na kupata alama 149. Chuo alichokitamani kilikuwa kikichukua wenye alama za juu kuliko hizo. Mama alimpigia simu akamwambia, "Mwanangu, kazi unayo na mshahara unaupata. Hayo mambo ya mitihani si uyaache?" Dada hakujibu kitu. Tulisikia tu akivuta pumzi.

MTIHANI WENYEWE

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba katika mtihani huu hakuna swali hata moja la sheria. Hakuna katiba, hakuna kesi maarufu, hakuna kanuni za kukariri. Kila unachohitaji kimeandikwa mbele yako. Unapimwa kama unaweza kukisoma na kujua kinasema nini na hakisemi nini.

Kuna sehemu 4, kila moja ya dakika 35, na mapumziko mafupi katikati. Sehemu 3 ndizo huhesabiwa: mbili ni za kupima hoja na moja ni ya kusoma vifungu. Iliyobaki haihesabiwi, waandalizi huitumia kujaribia maswali yao mapya. Lakini mtahiniwa haambiwi ni ipi, kwa hivyo sharti azifanye zote kwa bidii. Kuna pia insha inayoandikwa kando, ambayo haitiwi alama bali hupelekwa vyuoni wakaisome wenyewe.

Katika sehemu ya hoja kuna maswali 25 hivi. Hebu gawa mwenyewe. Dakika 35 kwa maswali 25 ni dakika 1 na sekunde 24 kwa kila swali. Katika muda huo unasoma kifungu kifupi, unasoma swali, unasoma majibu 5, kisha unachagua moja. Katika sehemu ya kusoma kuna mafungu 4 yenye maswali 27 hivi kwa jumla, kuhusu mambo ya sheria, sayansi, sanaa na jamii. Moja kati ya mafungu hayo huwa na vifungu viwili vifupi vya waandishi wawili wanaozungumzia jambo moja, nawe huulizwa wanakubaliana wapi na wanatofautiana wapi.

Alama huanzia 120 hadi 180. Nilicheka niliposikia hivyo, maana yake hata anayekosa yote hutoka na 120! Lakini dada alinikata kicheko: watu wengi hukusanyika karibu na 150, na kutoka hapo kupanda alama 10 ni mlima. Tena jibu baya halipunguzi alama, kwa hivyo kuacha swali wazi ni kujinyima bure.

METHALI ZETU ZILIPOKUWA MWALIMU

Baada ya lile pigo la Februari, dada alibadili mbinu. Katika likizo ya Aprili alianza kunipigia simu kila Jumamosi. Kwake ilikuwa saa nne asubuhi, ametoka zamu. Kwetu jua lilikuwa linatua. Alikuwa akinisomea swali kwa Kiingereza, kisha ananieleza kwa Kiswahili kwa nini jibu moja ni sahihi na kwa nini yale mengine 4 si sahihi. Sharti lake lilikuwa kwamba nisiporidhika na maelezo, basi yeye amelikosa swali hilo, hata kama herufi aliyochagua ilikuwa sawa. Alisema kwamba kwa Kiingereza angeweza kujidanganya kwa maneno makubwa, lakini kwa Kiswahili, mbele ya mdogo wake, hakuwa na pa kujificha.

Siku moja alikwama katika swali la masharti. Nikamwambia kwa utani, "Dada, si hii ni mtaka cha mvunguni tu?" Akanyamaza, kisha akapiga kelele hata nikaiondoa simu sikioni. Tukaichambua methali ile kama ifuatavyo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Je, inasema kwamba kila anayeinama atakipata? La! Unaweza kuinama mpaka mgongo ukauma, na mvunguni pasiwe na kitu. Inasema tu kwamba bila kuinama hakipatikani. Kwa hivyo ukimwona mtu anacho cha mvunguni, jua kwa hakika kwamba aliinama. Na ukimwona mtu hakuinama, jua kwamba hana. Lakini ukimwona ameinama, hujui lolote bado. Neno letu "sharti" linabeba jambo ambalo mtihani ule huliuliza tena na tena: kitu kinachohitajika si lazima kiwe kitu kinachotosha.

Tukaendelea na nyingine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tuchukue kwamba methali hii ni kweli daima. Sasa rafiki yetu mmoja alivunjika mguu uwanjani mwaka jana, na watu wakasema, "Bila shaka hakusikia la mkuu." Je, hoja hiyo inasimama? Haisimami hata kidogo. Methali inasema wasiosikia huvunjika. Haisemi kwamba hakuna wengine wanaovunjika. Rafiki yetu huyo alikuwa akitekeleza amri ya mwalimu wa michezo alipoanguka. Kosa hili la kuigeuza kauli nyuma mbele ndilo mtego mkubwa kabisa wa mtihani ule. Nami naliona kila siku. "Wanaoiba huogopa polisi, huyu anaogopa polisi, basi ni mwizi." Msomaji, fikiria ni watu wangapi wameumizwa kwa hoja kama hiyo.

Maneno mengine yaliyotutesa ni maneno madogo: wote, wengi, baadhi, tu, isipokuwa. Katika mtihani ule "baadhi" ni mmoja au zaidi, na huenda wakawa hata wote. "Wengi", katika zile kauli za wengi wa kundi fulani, ni zaidi ya nusu. Chukua mfano wa chama chenye wanachama 40. Tukiambiwa kwamba wengi wao wamo katika kwaya, na wengi wao wamo katika mjadala, je, lazima awepo aliye katika vyote viwili? Mimi nilisema huwezi kujua. Dada akaniambia nihesabu. Wengi wa 40 ni angalau 21. Na 21 kuongeza 21 ni 42, nao wanachama ni 40 tu. Kwa hivyo angalau 2 wamo katika vyote. Lakini ukibadilisha "wengi" moja kuwa "baadhi", hakika hiyo yote inayeyuka.

TUJARIBU SWALI MOJA

Nimetunga swali langu mwenyewe kwa mfano wa yale ya mtihani, ili tuonje.

"Shule moja iliondoa chai ya saa nne. Muhula uliofuata, wastani wa alama za wanafunzi ulipanda. Kwa hivyo ni wazi kwamba chai ndiyo iliyokuwa ikiwaangusha wanafunzi." Ni jambo lipi, kama ni kweli, linaidhoofisha zaidi hoja hii?

A. Wanafunzi wengi walilalamika chai ilipoondolewa.
B. Muhula uo huo shule ilipata walimu 3 wapya wa hisabati na sayansi.
C. Chai inaweza kumkosesha mtu usingizi.
D. Bei ya sukari ilikuwa imepanda kabla ya chai kuondolewa.
E. Walimu waliendelea kunywa chai chumbani mwao.

Usikimbilie majibu. Kwanza tafuta mwandishi anataka uamini nini, yaani hitimisho lake. Hapa ni kwamba chai ndiyo iliyowaangusha wanafunzi. Pili, tafuta ameegemea nini: chai iliondoka, kisha alama zikapanda. Tatu, na hapa ndipo penye kazi, tafuta pengo. Kati ya "kisha" na "kwa sababu" kuna mto, naye ameuruka bila daraja. Amechukulia tu kwamba hakuna kitu kingine kilichobadilika.

Sasa majibu ni rahisi. A linatuambia walivyohisi, nasi hatukuulizwa hisia. C linaisaidia hoja badala ya kuidhoofisha, na wengi hulichagua kwa kusahau walichoulizwa. D linaeleza kwa nini huenda chai iliondolewa, si kwa nini alama zilipanda. E linaudhi, nakubali, lakini halihusiani na alama za wanafunzi. B ndilo linalotuonyesha kitu kingine kilichobadilika. Huenda ni wale walimu wapya walioinua alama. Angalia pia kwamba B halithibitishi kuwa chai haina hatia. Linaidhoofisha hoja tu, na ndicho tulichoulizwa.

NAMNA YA KUJIANDAA

Kutokana na miezi ile ya simu, na kutokana na makosa ya dada yangu, nimeandika hapa mambo ambayo anayejiandaa hana budi kuyazingatia.

Kwanza, ajue mtihani wa sasa ukoje kabla ya kununua kitabu. Shirika linaloendesha LSAT hutoa mitihani kadhaa ya mazoezi bila malipo kwenye intaneti. Dada angaliianza hiyo, asingalipoteza wiki 6. Rahisi si kitu bei yake tu. Kilichopitwa na wakati ni ghali hata ukipewa bure.

Pili, afanye mtihani mmoja mzima kabla ya kusoma chochote, ajue amesimama wapi. Alama hiyo ya kwanza inaweza kuhuzunisha, lakini huwezi kumwonyesha mtu njia kama hujui yuko wapi.

Tatu, aanze polepole. Hapa wengi hukosea. Kwa sababu muda ni mfupi, hukimbilia saa tangu siku ya kwanza. Dada alifanya hivyo kabla ya Februari, akawa hodari wa kukosa haraka. Baadaye aliiweka saa kando kwa miezi 2 na kufanya maswali machache kila siku, akiyatenga kwa aina: ya kudhoofisha hoja, ya kutafuta pengo, ya masharti, na kadhalika. Mwendo ulikuja wenyewe baadaye, kama vile mpishi wa chapati asivyohitaji kufikiria mikono yake.

Nne, na hili ndilo kubwa, awe na daftari la makosa. La dada lilikuwa na mambo 4 kwa kila swali alilokosa: nilichagua nini, kilichonivutia ni nini, jibu sahihi ni lipi, na nitalitambuaje kosa hili likija tena. Hakuruhusiwa kuandika "sikuwa makini", maana hayo si maelezo. Tena kabla ya kutazama majibu, aliyarudia bila saa maswali yote aliyokuwa na shaka nayo. Akilipata mara ya pili, tatizo lilikuwa muda. Akilikosa tena, tatizo lilikuwa ufahamu. Magonjwa hayo mawili hayatibiwi kwa dawa moja.

Tano, katika vifungu virefu, ajiulize kila mara, "Nani anasema?" Mwandishi huweza kusema, "Wataalamu wengine hudai kwamba...", kisha mtahiniwa akadhani mwandishi mwenyewe ndiye anayedai. Dada alikuwa akiandika neno moja tu kando ya kila aya: dai, pingamizi, mfano, msimamo. Maneno hayo yalikuwa ramani yake.

Sita, wiki za mwisho ndipo afanye mitihani mizima kwa saa, akikaa kama siku yenyewe. Na usiku wa kuamkia mtihani alale. Dada aliomba kubadilishana zamu na mwenzake mapema, kwani mara ya kwanza alikuwa ameuendea mtihani akitoka kazini moja kwa moja, macho mekundu.

Mwishowe, asikate tamaa kwa alama moja. Kanuni zinaruhusu kurudia mtihani, hadi mara 7 katika maisha ya mtu, na wasio na uwezo wanaweza kuomba wasamehewe ada. Lakini kurudia bila kujua ulikosea wapi ni kupanda gari lile lile ukitarajia likufikishe kwingine.

NA SISI JE?

Dada yangu alirudia mtihani Novemba 2025. Matokeo yalipotoka tulikuwa likizoni, na alimpigia Mama kwanza. Alikuwa amepata 160. Mama, ambaye hakuelewa kama hizo ni kwa 180 au kwa 500, aliuliza tu, "Umefurahi?" Dada akasema, "Nimefurahi, Mama." Mama akasema, "Basi soma." Hadi ninapoandika makala haya anangoja majibu ya vyuo. Huenda akachukuliwa, huenda asichukuliwe. Kuinama ameinama, na kama tulivyokwisha kuona, hilo linahitajika lakini si lazima litoshe.

Nami je? Nilianzisha daftari la makosa la ufahamu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa ule mtihani wangu wa alama 6. Katika maswali niliyokosa, matatu nilikuwa nimejibu yale ninayoyaamini mimi badala ya yale yaliyo katika kifungu. Moja nilimsingizia mwandishi maneno ya mhusika. Jingine swali lilitaka sababu mbili, nami nikaandika moja kwa mbwembwe. Hakukuwa na bahati mbaya hapo. Kulikuwa na mimi. Muhula wa tatu nilipata 11 kwa 15. Si nyingi za kujigambia, lakini hata zile 4 nilizokosa najua ziliko.

Wenzangu, watu wengi hudhani kwamba Kiswahili ni somo la kupandishia alama tu, na kwamba sheria ni mambo ya Kiingereza. Lakini anayetaka kusomea sheria katika vyuo vikuu vyetu huulizwa, pamoja na wastani wa C+, alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Walioweka kanuni hiyo walijua kwamba kazi ya sheria huanzia katika kusoma. Na lugha ya kwanza tuliyofundishwa kusomea hoja, kabla hatujajua neno hoja, ilikuwa lugha ya methali.

Kwa hivyo shime, wenzangu! Ijumaa ijayo katika mjadala, kabla ya kupiga meza, hebu tujiulize mpinzani amesema nini hasa, ameegemea nini, na pengo liko wapi. Tukifika kwenye ufahamu, tusiandike tunachojua, tuandike kilichosemwa. Na mzee yeyote akikuletea barua kijijini akakuuliza, "Mjukuu wangu, hii inasema nini?", usijifanye unajua. Ketini nyote wawili, uisome polepole mpaka mwisho, kisha umwambie inachosema na usiongeze chako.